Kelele ya draya ilivyofichua hatari ya kimya

Dada yangu hulala mchana. Usiku kucha huhudumia wazee katika kituo kimoja nje kidogo ya jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, na hurejea nyumbani saa mbili asubuhi wakati majirani wanawasha magari kwenda kazini. Akifika hana muda wa chai wala wa habari za Tanga nilizombebea. Anashuka besimenti, chumba kile cha chini ya nyumba ambamo Wamarekani huweka kila kisichofaa sebuleni, anafua sare zake, anazihamishia kwenye mashine ya kukaushia, anabonyeza kitufe, kisha anapanda kulala.

Januari niliyomtembelea, usingizi huo ulikuwa umepata adui. Draya, kama Waswahili wa kule wanavyoiita mashine hiyo, ilikuwa imeanza kupiga ngoma. Neno ngoma sijalitia chumvi: lile pipa la chuma linalozungusha nguo ndani, wenyewe waliolibuni nao huliita ngoma. Mdundo ulianzia chini, ukapanda na mabomba ya maji, ukapenya sakafu, ukamkuta dada kitandani. Mpwa wangu, mtoto wa miaka 9, alikuwa ameshaukariri. "Tu-tu-tu-tu-tu," akawa anaugonga mezani kwa kijiko, mpaka mama yake akamkata jicho.

Fundi alikuwa ameshapigiwa simu. Kuja kutazama tu ni dola 120, kabla hajagusa skrubu. Vipuri na kazi ni hesabu nyingine, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya siku 9. Draya yenyewe dada aliinunua mkononi kwa mtu kwa dola 150. Akanitazama kwa macho mekundu. "Mdogo wangu, si huko kwetu watu wanatengeneza kila kitu? Haya, tengeneza."

Mimi kazi yangu ni kalamu. Ufundi wangu wote niliuokota utotoni kwenye kibanda cha fundi redio mtaani Ngamiani, Tanga, ambako cheo changu kilikuwa kushika tochi. Lakini mtu hamwambii dada yake mkubwa, tena aliyemlipia nauli ya ndege, kwamba hawezi. Nikatoka nje kupunga hewa, hewa yenyewe nyuzi 20 chini ya sifuri, nikamkuta jirani akichota theluji kwa beleshi upande wa nyuma.

Jirani huyo ni mzee wa Lubumbashi. Alitumikia karakana za migodi ya shaba ya Katanga miaka mingi, kabla vita na safari ndefu ya ukimbizi havijamfikisha kwenye baridi hii. Nikamsimulia shida yetu. Hakujibu upesi. Alikuwa akitazama ukuta wa nyumba ya dada, pale palipochomoza kifuniko kidogo cha bomba, theluji imejikalia juu yake kama mgeni aliyeahidiwa chakula cha jioni. Kisha akasema anakuja.

Alikuja na kitu kimoja tu mkononi: bisibisi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mimi nilikuwa nimeshaivuta draya kutoka ukutani na kumwaga spana sakafuni. Akanishika bega.

"Sikiya kwanza, mutoto yangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao. "Kufungula ni mwisho."

Akaagiza mashine iwashwe tupu. Akagusisha ncha ya bisibisi kwenye bati la ubavuni, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho kama anayejaribu kumtambua mtu kwa sauti ya simu. Akahamisha ncha: mbele, chini, nyuma kushoto, nyuma kulia. Hapo nyuma kulia akakaa sana. Halafu akazima, akachomoa plagi, akafungua mlango, akachora alama ya chaki ndani ya ngoma na kuanza kuizungusha kwa mkono, polepole. Mtoto akapewa kazi ya kuhesabu vishindo. Kila chaki iliporudi juu, hesabu ilikuwa 9.

"Rola," mzee akasema. "Ile ya kuume."

Hakuwa amefungua skrubu hata moja. Hesabu yake niliielewa baadaye nilipopima kwa futi kamba: ngoma ina kipenyo cha sentimita 68 hivi, na rola inayoibeba sentimita 7 na nusu. Ngoma ikizunguka mara moja, rola huzunguka mara 9. Kishindo kinachokuja mara 9 kwa mzunguko mmoja hakina baba mwingine.

MASHINE ILIYOZALIWA NA BARIDI

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kushangaa nguo kutafutiwa mashine ya kuzikausha. Kwetu kamba mbili na jua la saa tano vinatosha, na draya utaikuta zaidi hotelini, hospitalini au kwa dobi mkubwa. Dada naye aliwahi kuwa na mawazo hayo. Mwaka wake wa kwanza Minnesota alianika kanga nje mchana wa Desemba. Alipoirudia ilikuwa imekakamaa kama ubao, akaibeba kwapani kama mtu anayehama na mlango wake. Zaidi ya hapo, kuna mitaa ya Marekani ambako vyama vya wamiliki wa nyumba hukataza kabisa kuanika nguo nje, kwa hoja kwamba kamba inachafua sura ya mtaa.

Ndiyo maana historia ya chombo hiki imejaa watu waliochoka na baridi. Tarehe 7 Juni 1892, George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, alipewa hataza namba 476,416 kwa fremu ya kutundikia nguo juu ya jiko la kupikia. Haikuwa na mota wala kitufe. Ilikuwa kamba ya nyumbani iliyosogezwa kwenye moto kwa akili. Miongo michache baadaye, katika jimbo la North Dakota linalopakana na Minnesota, J. Ross Moore alichoka kuona nguo za nyumbani kwao zikianikwa kwenye barafu. Akajenga kibanda chenye jiko, akaning'iniza nguo humo, kisha akatumia miaka mingi kuhangaikia mashine yenye ngoma inayozunguka. Mwaka 1938 kampuni ya Hamilton, ya mji wa Two Rivers, Wisconsin, iliiingiza mashine hiyo sokoni ikiitwa June Day. Jina lilijieleza: kwa watu wa kaskazini, siku ya Juni ni siku ya jua. Mbunifu Brooks Stevens ndiye aliyeshauri mlango uwekewe kioo, wanunuzi wazione nguo zikirukaruka ndani.

Umbo la msingi halijabadilika sana tangu enzi hizo, na hiyo ni bahati ya mwenye nyumba. Draya ya kawaida ni mashine ya vitu vichache, na vingi katika hivyo vinaweza kubadilishwa na mtu mwenye subira na bisibisi.

RAMANI YA SANDUKU

Chini kuna mota moja yenye ajira mbili. Upande mmoja wa ekseli yake umevaa puli ndogo inayovuta mkanda, na upande wa pili umevaa feni ya kufyonza hewa. Mkanda ni mwembamba kuliko kidole, urefu wake unazidi mita 2, nao umelizunguka tumbo la ngoma. Mota ya aina hii huko Marekani huzunguka mara 1,725 hivi kwa dakika, lakini ngoma inakwenda mara 50 tu, kwa sababu puli yenye upana wa sentimita 2 inavuta pipa la sentimita 68.

Karibu na mota kuna puli ya pili isiyojiendesha, imefungwa kwenye mkono wenye springi. Kazi yake ni kuukaza mkanda usiteleze. Nyuma, ngoma imelala juu ya rola mbili za mpira. Mbele, inateleza juu ya vipande vya plastiki ngumu vilivyopakana na ukanda wa kitambaa kizito kama blanketi. Hewa inapita kwenye hita ikapata moto, inaingia ngomani na kunyonya unyevu, inapita kwenye chujio linalonasa nyuzi, kisha feni inaisukuma nje ya nyumba kwa bomba lenye upana wa inchi 4, yaani sentimita 10.

Ukishaishika ramani hiyo kichwani, kelele inageuka anwani.

KILA KIPURI NA SAUTI YAKE

Mzee alinifundisha kuanza kwa kuondoa mashahidi wa uongo. Kama kelele imekoma ulipoiwasha mashine tupu, mshitakiwa ni zipu, kifungo cha chuma au raba za mtoto. Kisha chukua pima maji, kile kifaa cha mwashi, ukiweke juu ya bati. Mguu mmoja ukielea, sanduku zima hutetemeka na mtu akadhani limekufa. Miguu hiyo ina nyuzi za skrubu: zungusha mpaka itulie. Tazama pia kama bati au bomba la nyuma linagusa ukuta.

Ikiwa bado inalia, sikiliza inavyolia.

Vishindo vya haraka, vinavyofuatana kama mtu anayetwanga kisamvu kwa pupa, ni vya rola. Mara nyingi hupungua mashine ikishapata moto, kwa sababu mpira uliokaa muda mrefu bila kuzunguka hubonyea upande mmoja, na joto huulainisha. Kishindo kimoja kizito kinachorudi kila baada ya sekunde moja na ushee ni habari ya ngoma yenyewe: bawa la plastiki la ndani limelegea, au kitambaa cha ukingoni kimechanika mahali pamoja.

Mlio mwembamba, kama bawaba ya mlango wa zamani, hasa mashine inapoanza, ni wa ile puli ya springi iliyokauka au kulika tundu. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma unaonyesha vile vipande vya plastiki vya mbele vimekwisha na ngoma inasaga bati. Ila kabla hujahukumu, chungulia vitundu vya ngoma kwa tochi. Waya wa sidiria ukichomoka hujipenyeza humo na kutoa mkwaruzo uleule. Mlio wa njuga ni sarafu, au skrubu iliyodondokea kwenye njia ya chujio na kufika kwenye feni.

Mngurumo mzito, kama kokoto ndani ya kibuyu, usiobadilika hata ngoma ikiwa na nguo au tupu, unaelekeza kwenye feni iliyolegea kwenye ekseli au iliyovunjika jino. Mvumo wa mota inayonung'unika bila chochote kuzunguka ni hatari ya haraka: zima papo hapo, maana mota iliyokwama inajiunguza yenyewe. Na kama kelele zote zimekoma ghafla na ngoma imegoma kuzunguka, usishangilie. Huenda mkanda umekatika.

KUFUNGUA NI MWISHO

Sasa mzee akaruhusu spana. Plagi ilikuwa imeshachomolewa, lakini aliichomoa mara ya pili kwa macho: akaishika, akaitazama, akaiweka juu ya rafu mahali ambapo sote tunaiona. Soketi za kawaida za nyumba za Marekani ni za volti 120, lakini draya ya umeme hupewa laini yake ya volti 240 na breka ya ampea 30. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kisha tukavaa glavu, kwa kuwa kingo za bati la ndani hazijasuguliwa, na hukata kama wembe.

Draya ya dada ni ya umbo la zamani, chujio linachomekwa juu. Tulitoa chujio, tukafungua skrubu mbili zilizo mdomoni pake. Tukapenyeza bapa la kukwangulia rangi chini ya bati la juu, kama sentimita 5 kutoka kila pembe, tukasukuma kile kibanio cha ndani, na bati likainuka kama boneti ya gari. Ndani kulikuwa na skrubu mbili zaidi za kushikilia uso wa mbele, na waya za swichi ya mlango za kuchomoa. Hapo pana mtego: katika mashine za aina hii uso wa mbele ndio unaoibeba ngoma kwa mbele. Ukiutoa bila mtu wa kuishikilia, ngoma inashuka na kupinda kilicho chini yake. Mimi niliikumbatia, mzee akautoa uso.

Mpwa wangu alikuwa mpigapicha rasmi. Kila hatua alipiga picha kwa simu kabla hatujagusa kitu, na picha moja, ya njia ya mkanda kupita kwenye puli mbili, baadaye ilikuwa na thamani kuliko maneno yangu yote. Mzee aliingiza mkono chini, akasukuma puli ya springi, mkanda ukalegea, tukauvua, na ngoma ikatoka nzima kama chungu kutoka jikoni.

Rola ya kulia ilikuwa pale alipoitaja. Mpira ulikuwa umelika upande mmoja ukawa bapa, na tundu lake limepanuka kama pete iliyomzidi mtu kidole. Sababu ilionekana hapohapo: nyuzi za nguo zilikuwa zimejisokota kwenye ekseli kama uzi kwenye pia, zikakaza, zikaukausha mpira na kuusaga. Kila rola inashikiliwa na kibanio cha plastiki cha pembe tatu, kinachotoka kwa kubanduliwa na ncha ya bisibisi.

Nikauliza kama tubadilishe ile moja tu. Mzee akacheka. Kazi kubwa ni kuvunja na kuunga, si kipuri, kwa hiyo ukishafika ndani badilisha vyote vinavyozeeka pamoja: rola zote mbili, puli ya springi na mkanda. Seti nzima tuliipata mtandaoni kwa dola 34, kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa ndani ya fremu ya mlango. Usinunue kwa kukadiria umbo. Rola mbili zinaweza kufanana kwa macho na kupishana kwa tundu.

Nilitaka pia kupaka grisi. Akaninyang'anya kopo. Grisi hunasa nyuzi, na nyuzi ndizo zilizoiua rola ya kwanza. Akaipangusa ekseli kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akatia tone moja la oili nyepesi, akafuta lililozidi ili lisiguse mpira.

KISICHOLIA

Mpaka hapo niliona kazi imekwisha, tunasubiri vipuri tu. Lakini mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku tupu, tochi mkononi, hasemi.

Sakafu yote ya mashine ilikuwa imefunikwa na blanketi la kijivu: nyuzi za taulo, soksi na sare za miaka mingi, zimeizunguka mota, zimepanda mpaka karibu na nyumba ya hita. Huko juu, karibu na hita, kijivu kilikuwa kimegeuka kahawia. Mzee akabandua kipande na kukiweka kiganjani kwa dada, ambaye alikuwa ameshuka na kitenge chake mabegani, usingizi umempaa. Kilinuka nguo iliyounguzwa na pasi.

"Mama, nguo zinakauka kwa muda gani?" akamuuliza.

"Siku hizi lazima niiwashe mara mbili," dada akajibu. "Nilijua ni uzee."

Tukageukia bomba la nyuma. Lilikuwa la plastiki, la mikunjomikunjo kama kinanda cha mkono, limebanwa na mashine hadi likawa bapa ukutani. Nililivuta, nikaanza kutoa kilichokuwa ndani kwa mkono, kisha kwa fimbo ya ufagio, kisha kwa mashine ya kufyonza vumbi. Ndoo ya lita 20 ilijaa.

Hewa yenye joto isipopata njia ya kutoka, unyevu unabaki ngomani na nguo hazikauki. Mtu anaongeza muda. Hita inafanya kazi maradufu, joto linarundikana ndani, na vidhibiti joto vinawaka na kuzima mpaka navyo vinachoka. Pembeni zimekaa nyuzi kavu za pamba, ambazo wapiga kambi wa kule huzihifadhi makusudi kwa ajili ya kuwashia moto.

U.S. Fire Administration, chombo cha serikali kuu ya Marekani kinachofuatilia masuala ya zimamoto, kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 moto uliotokana na draya ulitokea mara 2,900 kila mwaka katika majengo ya makazi, ukiua watu 5, ukijeruhi 100 na kuteketeza mali ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha mashine, asilimia 34. Na mwezi ulioongoza kwa matukio hayo ni Januari, mwezi uleule ambao kamba ya nje haina kazi na kila besimenti inaunguruma.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikipiga hesabu. Rola mbovu ingetunyima usingizi, na ikifa kabisa ingemchania dada sare. Bomba lililoziba lilikuwa na uwezo wa kutuchoma sote tukiwa tumelala, na halikuwahi kutoa hata mlio wa panya. Tulimwita fundi kwa sababu ya kipuri kilichotupigia kelele. Kile kingine tulikiita uzee.

Kwa siku mbili za kusubiri vipuri, mzee alikataza mashine isiguswe, na dada akapeleka sare zake kwenye duka la kufulia lenye mashine za sarafu, barabara ya pili. Tulifyonza nyuzi kila pembe. Bomba la plastiki likaenda kwenye pipa la taka, likaletwa la bati laini kwa dola 18, fupi na nyoofu kadiri nafasi ilivyoruhusu. Maungio tuliyafunga kwa utepe wa karatasi ya alumini badala ya skrubu, kwa sababu ncha ya skrubu inayochungulia ndani ya bomba ni ndoano ya kunasia nyuzi nyingine.

DESTURI MPYA ZA NYUMBA

Dada ameandika masharti na kuyabandika juu ya mashine kwa Kiswahili, ili wageni wa mtaani wasijifanye hawajui.

Chujio linasafishwa kila baada ya mzigo mmoja wa nguo, si kila Jumamosi. Mara kwa mara linawekwa chini ya bomba la maji: maji yakituama juu ya wavu badala ya kupita, basi vilainishi vya nguo vimeupaka utando usioonekana, na dawa yake ni sabuni na brashi laini. Bomba la hewa linafunguliwa na kusafishwa walau mara moja kwa mwaka, na ndani ya sanduku vilevile. Mashine haiachwi ikizunguka wakati nyumba haina mtu.

Sharti la mwisho la dada linahusu jiko letu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia, au nguo za gereji zenye petroli, haziingii humo hata kama zimefuliwa. Mafuta ya mimea yaliyobaki kwenye nyuzi hujitengenezea joto yanapokutana na hewa, na nguo za namna hiyo zikirundikwa bado zina moto wa draya zinaweza kuwaka zenyewe. Anayekaanga sambusa na mandazi ya harusi afute kwa karatasi, si kwa taulo.

Pia kuna mahali ambapo mwenye nyumba anapaswa kuweka bisibisi chini. Kama draya ni ya gesi, usiiburute wala usiguse bomba lake. Funga vali na umwite mwenye leseni, maana gesi inayovuja na hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu hazitoi nafasi ya kujifunza. Kama waya zimeungua, plagi imebadilika rangi au breka inajikata tena na tena, mwite fundi umeme. Na kama inayolia ni mota yenyewe, piga hesabu: bei ya mota na kazi ya kuifunga inaweza kukaribia bei ya draya nyingine iliyotumika.

Sisi hesabu yetu iliishia dola 52, jioni mbili za kazi na kidole kimoja kilichokatwa na bati, changu, nilipovua glavu kwa kiburi.

SIKU YA JUNI, MWEZI WA JANUARI

Vipuri vilipofika tuliurudisha mkanda, mifereji yake ikiitazama ngoma, tukiufuata kwenye picha za mtoto hatua kwa hatua. Tukaizungusha ngoma kwa mkono mizunguko kadhaa mpaka mkanda ukakaa sawa, kisha tukafunga. Asubuhi iliyofuata dada alirudi kutoka kazini, akafua, akabonyeza kitufe, akasimama akisikiliza. Kulikuwa na mvumo tu, kama feni ya msikitini mchana wa Ramadhani. Akapanda ngazi bila neno. Nilipopita mlangoni kwake dakika 10 baadaye alikuwa anakoroma.

Mzee alikataa pesa, akakubali chai ya tangawizi na mahamri. Alipomaliza alinyanyuka, akavaa koti, akaniashiria nimfuate mimi na mtoto. Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kile kifuniko kidogo cha bomba kilikuwa kimefunguka, kinapepea, kinatoa mvuke wenye harufu ya sabuni. Chini yake theluji ilikuwa imeyeyuka duara kama sinia, na majani makavu ya mwaka jana yakaonekana. Mtoto akavua glavu, akaweka mikono kwenye joto.

Ndipo nikaikumbuka siku ile ya kwanza, beleshi mkononi mwake, macho yake ukutani, na theluji iliyokaa juu ya kifuniko bila wasiwasi. Nikamuuliza kama alijua tangu hapo. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza mbona basi alianza na bisibisi sikioni na habari za rola.

Akanitazama kama ninavyotazamwa na wahariri.

"Kama ningesema teluji," akasema, "mungefungula?"